Eksirei inasema skrubu haipo, MRI inasema ipo: nani mkweli?

Swali:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nilikatika ligamenti ya ACL, ile ya ndani katikati ya goti, goti la kulia kwenye mechi ya mtaani, ndugu wakanichangia nikaenda India kufanyiwa upasuaji, sasa ni miezi 14. Niliambiwa wamenifunga kwa skrubu ya kuyeyuka ili nisije nikafunguliwa tena kutolewa chuma. Mwezi uliopita goti lilikuwa zito nikapiga eksirei hapa Dar, aliyenipiga akaniambia mbona humu hamna skrubu, kuna kachuma kadogo tu huku juu. Ndugu wakasema nimeibiwa. Nikajikaza nikapiga MRI, ripoti inasema skrubu ipo, ina maji pembeni, na tundu la mfupa limepanuka. Nani mkweli? Na kama niliambiwa inayeyuka ndani ya mwaka mbona bado ipo? Binamu yangu yuko Ujerumani, aliwekewa skrubu ya magnesiamu kwenye mguu, picha yake ilionyesha gesi wakamwambia ni kawaida, je na mimi ntajaa gesi? Nirudie CT kila miezi mitatu kuifuatilia au niitoe kabisa? Na nikikanda kwa maji ya moto itayeyuka haraka? Nataka kurudi uwanjani."

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hilo goti. Nimesoma swali lako mara mbili maana ndani yake kuna maswali kama saba, na naona linalokuuma zaidi sio la goti, ni la ndugu waliokuchangia wanaodhani hela yao imeliwa. Basi nianze na hilo ili ulale: kwa haya uliyoandika hujaibiwa. Eksirei imesema kweli na MRI imesema kweli, zote mbili, ila kila moja inaangalia kitu chake, na aliyekupiga eksirei alikuwa sahihi kusema haioni skrubu, pale alipovuka ni kusema haipo.

Eksirei ni kivuli tu. Mionzi inapita mwilini, na kinachoizuia njiani ndo kinatoka cheupe kwenye picha. Kinachozuia vizuri ni atomu nzito. Mfupa una kalsiamu ambayo namba yake ya atomu ni 20, titani ni 22 tena imeshikana haswa, ndo maana chuma kinawaka cheupe kabisa. Sasa skrubu za goti za kuyeyuka nyingi zinatengenezwa kwa polima, yaani aina ya plastiki, ya asidi ya laktiki, na ndani yake kuna kaboni, haidrojeni na oksijeni, basi, namba 6, 1 na 8, yaani vitu vilevile vilivyojenga nyama yako na mafuta yako. Hata uzito hauko mbali, sentimita moja ya ujazo ya hiyo polima ina gramu kama 1.25, ya maji ni gramu 1. Weka kipande safi cha barafu ndani ya glasi ya maji halafu usimame mbali kidogo uangalie, barafu ipo, tena ngumu inavunja jino, lakini macho hayaipati vizuri kwasababu mwanga unapita kwenye barafu karibu sawa na unavyopita kwenye maji. Hivyo hivyo kwa skrubu yako mbele ya eksirei.

Kitu ambacho eksirei inaweza kuona ni tundu. Ili kupitisha ligamenti mpya walikutoboa handaki kwenye mfupa wa ugoko na jingine kwenye mfupa wa paja, kwahiyo daktari wa mifupa akiishika picha yako ataona njia nyeusi kwenye mfupa yenye ukingo mweupe, na hapo ndipo skrubu ilipokaa. Na kale kachuma kadogo huku juu kinachonijia ni kifungo cha titani, kinalala nje ya mfupa wa paja kinashikilia kano, yaani hiyo ligamenti mpya uliyopandikizwa, kwa juu. Ni mtindo wa kawaida sana wa ACL, juu kifungo cha titani, chini skrubu ya kuyeyuka. Hicho kifungo hakiyeyuki, kitakaa humo maisha na hakina shida.

Jambo moja la kufanya kabla hujagombana na mtu: tafuta karatasi za upasuaji wako. Pale chumba cha upasuaji kila kifaa kinachoingia mwilini huwa kinakuja na stika yenye jina lake, saizi na namba ya toleo, na stika hiyo hubandikwa kwenye faili. Waandikie hospitali uliyopasuliwa wakutumie kopi, ni haki yako. Hiyo stika itatuambia skrubu ni polima tupu au ni ile iliyochanganywa na unga wa kalsiamu fosfeti, maana ile yenye unga huwa inaonekana kidogo kwenye eksirei kama weupe hafifu, halafu tabia yake ya kuyeyuka na ya kuota mfupa ni tofauti kabisa. Bila kujua ni ipi, hata mtaalamu mzuri anasoma picha zako kwa kubahatisha.

Tuje MRI. Yenyewe haitumii mionzi, inatumia sumaku na mawimbi ya redio kusikiliza haidrojeni iliyoko kwenye maji na mafuta ya mwili. Sasa utaniuliza, si umesema skrubu nayo ina haidrojeni? Ndio inayo, lakini iko kwenye kitu kigumu, imebanwa, na sauti ya haidrojeni iliyobanwa inazimika haraka mno, kabla mashine ya kawaida haijaanza kusikiliza. Ndo maana skrubu mpya inatoka nyeusi tii, na ukiangalia vizuri unaona mpaka meno yake. Kadiri maji yanavyoingia ndani yake weusi unapauka unakuwa kijivu, ukingo unaanza kuwa wa mashaka, meno yanapotea, na mwisho pale palipokuwa na skrubu panabaki rangi ya kitu kingine: maji, mafuta, makovu au mfupa. Uzuri mwingine wa polima ni kwamba haichafui picha, chuma kikubwa huwa kinapinda picha nzima pembeni yake lakini polima haifanyi hivyo, kwahiyo tunaweza kuangalia mfupa na kano jirani bila vurugu. Na kwa wanaoogopa kwamba MRI itaivuta au itaiunguza, haitavuta kitu, polima haijui sumaku.

MRI nayo ina udhaifu wake. Ukuta mgumu wa mfupa pia unatoka mweusi, kwahiyo skrubu nyeusi ikiegemea ukuta mweusi wakati mwingine mpaka haujulikani uko wapi. Hapo ndipo CT inasaidia, ile eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha vipande vipande, kwasababu yenyewe inapima uzuiaji wa mionzi kwa namba, maji yanapewa 0, hewa inapewa chini ya sifuri kwa 1000, mfupa mgumu unapanda juu sana, na skrubu ya polima inakaa juu kidogo ya nyama lakini chini mno ya mfupa. Kwahiyo ukitaka kujua kama mfupa umeota ndani ya tundu, CT ndo inajibu vizuri kuliko zote.

Sasa hili la "niliambiwa mwaka mmoja". Hapa ndipo wengi tunapotezwa na neno kuyeyuka. Tukisikia kuyeyuka tunafikiria sukari kwenye chai, inapungua kidogo kidogo mpaka inaisha. Au tunafikiria nyuzi za mshono wa kuyeyuka, mama akijifungua kwa upasuaji anashonwa kwa ndani na baada ya wiki kadhaa uzi umeisha, hakuna habari. Uzi ule kweli ni ndugu wa skrubu yako, lakini ni ndugu mwepesi. Polima ni mnyororo mrefu sana wa vipande vidogo vilivyoshikana, na maji ya mwili yanaingia ndani yanakata viungo kimoja kimoja. Polima ya asidi ya glaikoliki iliyomo kwenye nyuzi nyingi inapenda maji, inakatika ndani ya wiki chache. Polima ya asidi ya laktiki ina kidole kimoja cha ziada kwenye kila kipande kinachofukuza maji, na ile aina yake inayoitwa PLLA inajipanga kama fuwele, maji yanahangaika kuingia, kwahiyo inachukua miaka. Sio mwaka mmoja. Miaka miwili, mitatu, mitano na hata zaidi. Miezi 14 na skrubu bado inaonekana ni jambo nililokuwa nalitegemea, na kama MRI ingesema imeshaisha kabisa ndo ningeshangaa.

Na kuna kitu kimoja ambacho ningependa ukielewe kuliko vyote, maana hata madaktari wenzangu wengine hawakitilii maanani. Mpangilio wa kuondoka kwake ni huu: kwanza minyororo inafupika, halafu nguvu inapotea, halafu mwishoni kabisa ndo mwili wake unapungua. Wavuvi wa pwani wanalijua hili bila kusoma kemia. Kamba ya katani iliyokaa majini muda mrefu ukiiangalia ni kamba, unene uleule, urefu uleule, lakini funga nayo mtumbwi siku ya upepo ndo utajua. Skrubu yako pia inaweza kuwa inaonekana nzima kwenye MRI, meno yote yapo, na nguvu zake zimeshakwenda siku nyingi. Picha inaonyesha umbo, haionyeshi nguvu. Kwahiyo kuona skrubu ipo sio sababu ya kujisifu kwamba goti limeshikwa, na kuona imeisha sio sababu ya kuogopa kwamba goti limeachiwa.

Nani basi ameshika goti? Kano yenyewe. Umeshaona mafundi wakimwaga slabu, wanaweka mirunda na mbao chini kushikilia zege, likishakomaa mirunda inatolewa na slabu inasimama yenyewe. Skrubu ni mrunda. Kano iliyopandikizwa inashikana na ukuta wa handaki ndani ya wiki kama 8 mpaka 12 za mwanzo, kukomaa inaendelea kwa mwaka na zaidi, lakini kule kushikana kwa mfupa kunatokea mapema. Kwahiyo swali la kumuuliza daktari wako sio "skrubu imeisha?", muulize "kano imeshika?", na hilo linajibiwa kwanza kwa mikono yake, anakulaza, anakunja goti kidogo, anavuta ugoko mbele, anasikia kama unakomea pazuri au unalegea. Dakika mbili, bila mashine.

Tuje kwenye maji pembeni na tundu kupanuka, maana najua hayo maneno yamekunyima usingizi. Skrubu ikikatikakatika inatoa asidi ya laktiki, ileile misuli yako inayoitoa ukikimbia sana, mwili unaijua na unaichoma ikaishia maji na kabonidayoksaidi ya kupumua. Ila ikitoka nyingi kwa pamoja sehemu iliyobanwa, eneo linakuwa na uchachu, seli za mwili zinakuja kusafisha, na pembeni panakusanyika maji kidogo. Hilo likichanganyika na kano kucheza cheza ndani ya handaki miezi ya mwanzo, tundu linapanuka milimita kadhaa. Linaonekana kwa watu wengi sana waliofanyiwa ACL na mara nyingi halina uhusiano na goti kulegea. Linakuwa na maana kubwa siku ukihitaji kurudiwa upasuaji, kwasababu daktari anakuta shimo kubwa badala ya mfupa.

Nisikufiche upande wa pili, kuna watu mwili wao unagombana na hivi vitu. Pale Helsinki, Finland, walianza mapema kutumia pini na skrubu za kuyeyuka na waliwafuatilia wagonjwa wao kwa umakini ninaouheshimu sana, taarifa yao ya mwaka 2000 ilihesabu upasuaji 2528. Waliowekewa polima ya glaikoliki 2037, kati yao 107 walipata uvimbe au kidonda kinachotoa majimaji bila bakteria yoyote, kwa wastani wiki ya 11. Waliowekewa PLLA walikuwa 491 na aliyepata shida ni mmoja tu, lakini yeye ilimpata baada ya miaka minne na ushee. Na kule Groningen, Uholanzi, wagonjwa waliowekewa vibati vya PLLA kwenye mfupa wa shavu walirudi baada ya miaka mitatu na zaidi shavu limevimba, na mabaki ya fuwele yakakutwa hata baada ya miaka 5.7. Ndo maana nasema polima inayoondoka taratibu inaleta shida mara chache, lakini ikileta inaleta kwa kuchelewa, wakati mgonjwa ameshasahau kwamba aliwahi kuwekewa kitu. Hifadhi ile stika.

Halafu tundu likibaki tundu usidhani upasuaji umefeli. Watu waliofuatiliwa kwa CT miaka 7 na zaidi baada ya skrubu za PLLA tupu, skrubu ilikuwa imekwenda lakini mfupa haukujaa, pamejaa kitu laini, na magoti yao yanafanya kazi. Zile zenye unga wa kalsiamu ndo zinajitahidi zaidi kuita mfupa.

Binamu yako wa Ujerumani ana kitu tofauti kabisa, usijilinganishe naye. Magnesiamu ni chuma, namba 12, inaonekana kwenye eksirei ila hafifu kuliko titani. Inaisha kwa kukutana na maji, inageuka kuwa kama chokaa hivi na inatoa gesi ya haidrojeni, gramu moja ikiisha yote inatoa karibu lita nzima ya gesi. Mwaka 1907 daktari Mbelgiji Albin Lambotte alifunga mguu uliovunjika kwa kibati cha magnesiamu na misumari ya chuma, siku ya 8 kibati kimesambaratika na gesi imejaa chini ya ngozi. Ikachukua miaka zaidi ya 100 kuipunguza kasi kwa kuichanganya na madini mengine, na mwaka 2013 ndo skrubu ya Magnezix ya kule Hannover ikapata kibali cha Ulaya. Kasi ikiwa ndogo damu inaibeba gesi inapotoka, lakini miezi ya mwanzo eksirei bado inaonyesha weusi pembeni ya skrubu, na daktari asiyejua kwamba ile ni magnesiamu atasema mfupa umeoza, kuna maambukizi, tufungue. Kwahiyo binamu yako naye akipanda ndege kuja likizo aje na karatasi yake. Wewe polima yako haitoi gesi. Ikitokea siku ripoti yako ikataja hewa ndani ya mfupa, hiyo sio kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Labda unajiuliza, dunia hii yenye simu za kila aina, kweli hamna kipimo kinachosema "imebaki asilimia 40"? Hicho ndicho kinatafutwa, na ndicho kinachonifanya niipende hii kazi. Kwenye uhandisi wa tishu, yaani fani ya kutengeneza viunzi vya kuyeyuka ambavyo seli zinapanda juu yake mpaka zinajenga mfupa au gegedu mpya, zamani ukitaka kujua kiunzi kimefikia wapi unaweka panya 40, unaua kumi mwezi wa kwanza, kumi mwezi wa tatu, unapima kilichobaki. Lakini panya wa mwezi wa tatu sio yule wa mwezi wa kwanza, na kila mwili una mwendo wake. Ukiweza kumpiga picha panya yuleyule kila wiki bila kumfungua unapata hadithi moja ya mwili mmoja, na wanyama wachache wanakufa. Wengine wanachanganya ayodini kwenye polima ili ionekane kwenye CT, wengine chembe za chuma ndogo sana zionekane kwenye MRI, wengine rangi inayong'aa. Shida ya vibandiko hivi ni kwamba kibandiko kinaweza kuchomoka mapema mzigo, yaani polima yenyewe, ukabaki, au mzigo ukaisha kibandiko kikabaki kwenye nyama, ukawa unafuata kibandiko. Na rangi inayong'aa inafaa kwa panya, kwa mtu mzima mwanga haufiki. Washa tochi ya simu uiweke chini ya kidole, kidole kinawaka chekundu, iweke chini ya paja, giza. Kuna wanaopiga mwanga ndani wakasikiliza sauti inayorudi, hiyo inafika mbali zaidi, sentimita chache, lakini goti la binadamu bado ni nene.

Ila faida tayari ipo. Mwaka 2012 huko Michigan, Marekani, mtoto mchanga ambaye njia yake ya hewa ilikuwa inajifunga alipimwa kwa CT, picha hiyohiyo ikatumika kuchapisha kibanio cha polima kinachomtosha yeye tu, kikavishwa kwa nje ya njia ya hewa, na kimepangwa kiishe taratibu ndani ya miaka kama mitatu wakati njia yenyewe inakomaa. Na kuna funzo la uchungu pia: stenti ya moyo ya kuyeyuka, yaani kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, iliyoitwa Absorb ilipata kibali Marekani Julai 2016, ni polilaktiki kama ya kwako, kwenye eksirei ilikuwa inaonekana kwa nukta za platinamu tu kwenye ncha zake, mwili wenyewe wa stenti hauonekani. Ikaonekana inagandisha damu zaidi ya stenti za chuma, na Septemba 2017 ikaondolewa sokoni. Ilikuwa haijaisha, ilikuwa bado humo, inaharibika bila mpangilio mahali ambapo damu inapita. Goti sio mshipa wa moyo, usiogope, nimekutolea mfano uone kwanini kuona kilichofichika ni jambo la maana.

Sasa ufanye nini. CT kila miezi mitatu, hapana. Mionzi ya CT ya goti kwa kweli ni kidogo, haifiki hata kile tunachopokea kutoka ardhini na angani kwa mwaka, ambacho kwa wastani wa dunia ni milisiveti (kipimo cha mionzi) 2.4, kwahiyo sikukatazi kwa woga wa mionzi. Nakukataza kwasababu haitabadilisha uamuzi wowote. Skrubu inayochukua miaka hutaona kitu cha maana kwa miezi mitatu, utachoma hela na utapata wasiwasi mpya kila ripoti. Kama goti limetulia, kaa. Kama una dalili, MRI moja baada ya mwaka hivi inatosha, na jitahidi iwe kituo kilekile, mashine ileile, na uende na CD ya picha za kwanza sio ile filamu tu au karatasi ya ripoti, maana anayesoma lazima alinganishe picha na picha. Kama kuna kivimbe kimetokea mbele ya ugoko chini kidogo ya goti pale palipo na kovu, anza na ultrasaundi, ni bei nafuu, ipo hata wilayani, na inaonyesha vizuri kama ni maji yaliyokusanyika na kama yana njia ya kuelekea kwenye handaki. CT iwekee akiba siku daktari akipanga upasuaji mwingine na anataka kupima tundu.

Kuitoa sikushauri kwa hali uliyoeleza. Skrubu iliyolainika haitoki kama chuma, ukiweka bisibisi inamegeka, daktari anabaki kuchokonoa vipande kwenye mfupa ambao tayari una tundu. Inatolewa ikiwa na sababu: imesogea ikaingia ndani ya kiungo, kuna maambukizi, kivimbe kinakua na kinauma, au kano imekatika na unarudiwa.

Na maji ya moto, kaka, acha. Ni kweli maabara tunaharakisha polima kwa kuipandisha joto mpaka nyuzi 50 au 70, kwahiyo wazo lako lina mantiki, lakini ndani ya mfupa joto lako ni 37 na mwili utailinda hiyo 37 hata ukikanda kutwa nzima, utakachopata ni ngozi iliyoungua juu ya kovu. Na hata kama ingewezekana nisingetaka, kumwaga asidi yote kwa mkupuo ndo kunakoleta ule uvimbe. Dawa za kunywa za "kusafisha skrubu" unazouziwa mtandaoni nazo ziache.

Usisubiri kuniandikia tena, nenda ukaonwe, kama goti linapata joto na wekundu, unapata homa, kovu linatoa majimaji au usaha, goti linakwama katikati halinyooki, linachoropoka ukigeuka, au kivimbe cha ugoko kinaongezeka. Daktari atapima damu kuangalia dalili za maambukizi na anaweza kuvuta hayo maji kwa sindano yakapimwe, maana picha peke yake haitenganishi vizuri maji ya skrubu inayoisha na maji ya bakteria, zote zinang'aa sawa kwenye MRI. Na hata bila hizo dalili, kwasababu umesema goti lilikuwa zito, nataka ushikwe goti na daktari wa mifupa ndani ya wiki hizi mbili tatu. Uko Dar, kliniki ya MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaona magoti ya aina yako kila siku, nenda na stika, na CD zote mbili.

Uwanjani sasa. Kinachokuruhusu kurudi sio kuisha kwa skrubu, umeshaelewa. Miezi 9 ya chini kabisa umeshaivuka, kilichobaki ni mguu. Mwambie mtu wa fiziotherapi akupime nguvu za paja na akurukishe kwa mguu mmoja, mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima, kwa kuruka na kwa nguvu. Wengi wanaorudi bila kupimwa wanarudi na paja lililosinyaa, wanacheza vizuri dakika 20 za mwanzo, wakichoka goti linaachwa peke yake na kano mpya inakatika. Ukipimwa andika matokeo, na ile ripoti ya MRI ukiipata kwa simu nitumie neno kwa neno bila kufupisha, hasa ile sehemu inayotaja upana wa tundu kwa milimita.